UZI: Programu ya ramani kwa safari za pikipiki Nyanda za Juu Kusini, tuchague ipi?

MtuWaKona (mleta uzi)

Wakuu kamwene, na wa upande wa Rungwe mugonile.

Kiangazi kikikaribia, kwenye makundi yetu ya pikipiki swali huwa ni lile lile: "Programu gani ya ramani ni nzuri kwa kutalii?" Majibu nayo ni yale yale. Huyu anataja iliyokuja na simu yake, yule anataja aliyoiona YouTube Wajerumani wakipandia nayo milima ya Alps. Leo niyaweke pamoja, kwa macho ya mtu anayezungukia Mbeya, Njombe na Iringa.

Anayetoka Iringa kupeleka mzigo Mbeya hahitaji uzi huu. Ashike TANZAM, ile barabara kuu ya kwenda Zambia, Mafinga, Makambako, Igawa, Chimala, atafika Uyole hata kama simu ameisahau nyumbani. Ninaozungumza nao ni wale wanaotaka kutoka Mbeya kwenda Chimala kwa kuzunguka: Uyole, Isyonje, Kikondo, uwanda wa Kitulo, Matamba, kisha kuteremka Hamsini na Saba, ule mteremko wenye kona 57, mpaka kuikuta lami. Ukiiandikia programu yoyote "Mbeya hadi Chimala" haitakupa mzunguko huo hata siku moja, na usiilaumu, imeundwa ikufikishe mapema. Kwa hiyo maswali ya kuiuliza kabla hujaiamini ni mawili tu. Inaniruhusu nichore njia yangu na kuishika bila kunibishia? Na mtandao ukikata inaendelea kufanya kazi? Sauti tamu, rangi, foleni, hayo ni mapambo.

Nianze na mtandao, maana hapa watu wanachanganya. GPS haili bando. Simu inapokea mawimbi ya satelaiti moja kwa moja, haihitaji laini wala mnara. Bando linaliwa na mambo mengine mawili: kuleta picha ya ramani na kutafuta njia. Ndiyo maana ukiishiwa bando nyuma ya milima ya Livingstone unaona kile kidoti cha buluu kinatembea juu ya karatasi tupu. Simu inajua ulipo, ila haina cha kukuonyesha. Ukishapakua ramani ukiwa nyumbani, hata ukiweka simu kwenye hali ya ndegeni utaongozwa kona kwa kona.

Sasa kwenye kuchagua. Programu ni nyingi, lakini ramani zilizo chini yake, kwa huku kwetu, kimsingi ni mbili. Kuna ramani ya Google, na kuna OpenStreetMap, ile ya watu wa kujitolea iliyoanzia Uingereza mwaka 2004. OsmAnd, Organic Maps, Kurviger, calimoto, zote zinachota OpenStreetMap. Mtu anafuta OsmAnd kwa hasira kwa sababu haina barabara ya kijijini kwao, anapakua Organic Maps, anakuta barabara haipo vilevile. Lazima! Amebadilisha kikombe, maji ni ya kisima kile kile. Ushauri wangu ni uwe na moja ya kila upande, zikipishana ujue hapo pana jambo la kuulizia.

Google inajua gesti, maduka, vituo vya mafuta vya mijini, na foleni ya malori kwenye barabara kuu. Unaweza kupakua eneo likakaa kwenye simu, ila bila mtandao inakupa njia ya gari tu, haina habari ya foleni, na eneo ulilopakua lina muda wake, usipolisasisha linaisha. Kwa mtu wa kuchora mizunguko kasoro yake kubwa ni nyingine. Inapokea vituo vya njiani hadi 9, na kati ya kituo na kituo inaamua yenyewe. Ukichora mstari wako kwenye My Maps, sehemu ya Google ya kujichorea ramani, utauona vizuri, lakini haikuongozi juu ya mstari huo. Unabaki kuuangalia.

OsmAnd ndiyo ninayoendeshea. Sura yake inatisha, menyu ndani ya menyu, na wengi huikimbia siku ya kwanza. Toleo la bure linakupa kupakua ramani 7, na kwa anayezunguka Tanzania zinatosha na kubaki. Ina sehemu ya kupanga njia: unagusa alama moja baada ya nyingine, inaunganisha kwa kufuata barabara, unahifadhi faili la GPX (faili linalobeba njia uliyochora, unaweza kumpa na mwenzako), kesho yake unaiambia ikuongoze juu ya faili hilo. Ina mpangilio wa pikipiki tofauti na wa gari. Mistari ya mwinuko (ile inayounganisha sehemu zenye kimo sawa, ikibanana ujue pana mteremko mkali) kwenye Android ni ya kulipia, na kwa milima hii naona hela yake inarudi.

Organic Maps ni nyepesi, haina matangazo, na haihitaji kujisajili. Ilizaliwa kutokana na Maps.me baada ya Maps.me kuuzwa mwaka 2020. Mistari ya mwinuko ipo bure. Inafungua faili la GPX, ila inakuonyesha mstari tu, haikwambii "pinda kushoto" kwa kuufuata. Kwa simu ndogo ndiyo ninayompa mtu.

Kurviger na calimoto zote ni za Kijerumani, zimetengenezwa kwa ajili ya pikipiki. Unachagua unataka kona kiasi gani, inakutafutia. Kurviger naipendea kupangia kwenye kompyuta, halafu natoa GPX. Ukitaka kulipia yoyote kati ya hizo, hakikisha kwanza ramani ya Tanzania imo kwenye unacholipia.

Halafu hili la kona lisikupumbaze. Programu inahesabu jinsi barabara inavyobadili mwelekeo, basi. Haijui kuna nini pembeni. Barabara ya Iringa kwenda hifadhi ya Ruaha imenyooka mpaka wageni wakaiita isiyo na mwisho, kwa hesabu za kona inapata sifuri. Uwanda wa Kitulo juu kule nao hauna kona za kutisha, lakini nenda kati ya Desemba na Aprili wakati maua yamefunguka uniambie. Kinyume chake kuna njia za mashambani zimejikunja kama utumbo, ukiingia unaona mahindi kulia na mahindi kushoto. Ninaziamini zaidi programu zinazonionyesha mwinuko. Mahali mistari imebanana na barabara imepita katikati yake, hapo pana ukingo, na penye ukingo pana cha kutazama. Ifungue World's End, pale pa kutazamia bonde kwenye barabara ya Chunya, au ukuta wote unaoshuka kwenda Ziwa Nyasa, utanielewa.

Karibuni tuchangie.

---

MnyaluMjini

Uzi tayari, nipo paleee nimekaa.

Mkuu, hapo kwenye njia za mashambani umenigusa. Kuna programu moja (siitaji, najua mashabiki wake wamo humu) ilinikatisha toka lami ya upande wa Mufindi ikanipitisha ndani ya shamba la miti. Mwanzoni raha tupu, misonobari huku na huku, kivuli, baridi safi. Baadaye njia ikawa nyasi hadi magotini, mwisho magogo yamelala yamepangwa, njia imekwisha. Kwenye ramani inaonyesha barabara inaendelea mpaka upande wa pili. Kugeuza pikipiki iliyobeba mizigo kwenye mteremko wa majani makavu ya msonobari, nyie acheni.

Hii inatokana na nini?

---

MtuWaKona

@MnyaluMjini pole mkuu. Wachoraji wengi wa ramani hizi wanachora wakiwa mbali, wanafuata picha ya satelaiti. Kwenye picha njia ya kuvunia magogo na barabara ya kijiji zinafanana, zote ni mstari mwekundu katikati ya kijani. Mmoja akiiwekea daraja la "barabara ndogo" badala ya "njia ya shamba", programu zote zinaiamini. Na njia ya magogo ikishamaliza kazi inaachwa, mvua mbili tatu nyasi zimeifunika.

Kinga yake nyepesi. Kabla ya safari fungua picha ya satelaiti kwenye Google Earth, fuata mstari wako kwa kidole. Angalia unapita kwenye nyumba? Barabara inayounganisha kijiji na kijiji ina watu wa kuilalamikia ikiharibika. Ile isiyopita kwenye nyumba hata moja kwa kilomita nyingi, iwekee alama ya kuuliza.

---

KijiweniUyole

Nyie vijana mnajitesa. Mimi nimebeba abiria kuanzia enzi hakuna cha simu janja wala nini. Unafika kijiweni, unasalimia, unauliza. Unaambiwa daraja limekwenda na maji, pitia kwa huku. Satelaiti itakwambia hilo?

---

dada_wa_Makete

@KijiweniUyole shikamoo kaka mkubwa. Hoja yako naiunga mkono, nusu. Tatizo ni wanavyouliza. Mgeni anafika Isyonje anauliza "barabara ya Makete nzuri?" Kijana anajibu "nzuri, unafika". Kwake ni nzuri kweli, anaipita kila siku na magunia mawili ya viazi nyuma. Yule mgeni ana tairi za lami na mke amekaa nyuma.

Swali la kuuliza ni "Noah inapita?" Wakisema Noah na Kosta zinapita, hata mvua ikinyesha utafika. Wakisema "Noah zinaishia pale kwenye mto, mbele ni boda tu", ujue mbele pana makorongo. Wakisema "boda zinapita kiangazi", geuza. Swali la pili ni "mara ya mwisho mvua kunyesha lini?" maana udongo wetu ukilowa ni sabuni, hata pikipiki ya vumbi yenye tairi za kashata nzito inateleza.

Mleta uzi, naongezea mambo ya huku kwetu ambayo ramani haiyajui.

Saa. Programu zinakadiria muda kwa daraja la barabara. Barabara ya mkoa inapewa mwendo wa barabara ya mkoa, iwe ina lami iwe ina mawe. Kipande cha vumbi cha milimani, mimi nauzidisha mara mbili muda wanaonipa, na kama ni masika hata siutazami. Ukipangiwa kufika Matamba saa kumi na moja jioni, ukweli ni kwamba utateremka Hamsini na Saba gizani na ukungu umeshuka. Usiteremke zile kona gizani. Lala Matamba.

Baridi. Watu wa Mbeya mjini mnajiona mnajua baridi. Juni na Julai uwanda wa Kitulo asubuhi unakuta barafu kwenye majani. Betri ya simu iliyoachwa wazi mbele ya usukani kwenye upepo ule inashuka haraka kuliko ulivyozoea.

Mafuta. Vituo vilivyomo kwenye ramani visikupe moyo, na visivyokuwemo visikukatishe tamaa. Vijijini mafuta yapo ya kwenye chupa na vidumu dukani, na duka hilo huwezi kulikuta kwenye programu yoyote. Jaza Uyole au Chimala kabla ya kupanda.

---

Lami_Tupu

Mimi nina mchuma mzito wa tairi za lami, sitaki kusikia neno vumbi. Kwangu hizo OsmAnd ni kuhangaika. Nina orodha yangu: Uyole–Tukuyu–Kyela, chai kule Katumba, unashuka kutoka baridi ya Isyonje mpaka joto la Kyela, unavua koti moja moja njiani. Mbeya–Chunya, kilomita 72 hivi, unapanda mpaka mawinguni unashuka upande wa pili kwenye miombo. Njombe–Makete. Iringa–Dodoma kwa Mtera. Na Kitonga asubuhi na mapema kabla malori hayajabanana. Google inanitosha.

---

MtuWaKona

@Lami_Tupu kwa orodha hiyo uko sahihi, hata Google ni nyingi, vibao vinatosha. Mtu wa lami faida yake ya programu ni gesti, chakula na kujua lori limeanguka Kitonga kabla hujafika Ruaha Mbuyuni. Hapo Google inawashinda wote, maana inasoma mwendo wa simu za watu walio barabarani wakati huo. Waze, programu nyingine ya ramani, nayo ni ya Google tangu 2013, inategemea watumiaji kuripoti. TANZAM utapata kitu, Makete utaongea peke yako.

Ongeza na hii kwenye orodha: Njombe kwenda Ludewa, kile kipande cha Lusitu hadi Mawengi ni zege, siyo lami. Kona zake zimejengwa kwa zege kwa sababu ya mvua na miteremko ya kule. Programu nyingi zinakiweka fungu moja na lami, na kwa tairi zako sawa tu.

Ila angalizo moja kwa watu wa lami. Lile tiki la "epuka barabara za vumbi" linafanya kazi pale tu ambapo mtu ameandika kwamba barabara ni ya vumbi. Kwenye OpenStreetMap kila kipande kinatakiwa kiwe na lebo ya uso wake: lami, changarawe, udongo. Barabara nyingi za wilaya hazina lebo kabisa. Isipokuwepo, programu inakisia, na mara nyingi inakisia kwa matumaini. Unaweka tiki, unaondoka kwa amani, unakutana na tope.

---

dada_wa_Makete

Kuhusu lebo, kuna dawa, nami ndiyo kazi yangu ya jioni. Pakua StreetComplete, ni ya Android na ni bure. Unatembea au unaendesha, ukisimama inakuuliza: hapa uso wa barabara ni nini? Inakuonyesha vipicha, unagusa cha udongo au changarawe, basi. Huhitaji kujua lolote la kuchora ramani. Ukifika penye mtandao inapandisha. Vijiji vyetu vingi nimevipita hivyo, na sasa mtu akiweka tiki la kuepuka vumbi upande huu linamsikiliza.

Dar walishafanya kubwa zaidi, mradi wa Ramani Huria tangu 2015, wanafunzi na wananchi walichora mitaa na mitaro ya mafuriko. Huku juu tuko wachache. Kila mwenye pikipiki akiweka lebo kwenye barabara ya kwao tu, uzi huu hautahitajika.

---

Tukuyu_Mvua

Nyie mnaongelea kiangazi, sisi wa Rungwe kiangazi tunakisikia kwenu.

Kioo cha simu kikilowa, matone ya mvua yanagusa badala ya kidole. Ramani inakuzwa yenyewe, inahama, mara umejikuta unaangalia Malawi. Mfuko wa plastiki unasaidia kidogo, ila kwa ndani unafanya ukungu. Ninachofanya mimi: njia naipanga kabla, simu mfukoni ndani ya koti, kioo kimezimwa, earphone moja sikioni ndani ya helmeti. Ikiniambia "baada ya mita mia mbili pinda kulia" inatosha, macho yanabaki barabarani, na chaji inakaa siku nzima.

Hapo ndipo programu ya sauti inapoishinda ile ya mstari mtupu. Kwa hiyo @MtuWaKona sauti siyo pambo, kwa mtu wa Tukuyu ni ya lazima.

Na wenye iPhone: Apple wenyewe walitoa onyo Septemba 2021 kwamba mtetemo wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu kamera za simu zao zenye ile mitambo ya kutuliza picha. Ukifunga kwenye usukani tafuta kishikio chenye kupunguza mtetemo. Au mfukoni kama mimi.

---

MtuWaKona

@Tukuyu_Mvua kwa mvua zenu nakuachia hoja, sauti ipande daraja.

---

Kipepeo_wa_Kyela

Ndaga fijo kwa uzi. Mimi nilijaribu kuchora mzunguko: Tukuyu, Ziwa Masoko, Mbambo, Ipinda, mpaka Matema. Nikatoa GPX, nikampa rafiki. Kwake simu ikamrudisha barabara kuu ya Kyela. Faili ni lile lile. Na sehemu moja ikamwambia aingie uani kwa mtu ageuze! Tatizo liko wapi?

---

MtuWaKona

Swali zuri mno, hapa wengi wanakwama.

Ndani ya GPX unaweza kuweka vitu viwili tofauti. Kuna mstari kamili, nukta maelfu zinazofuata barabara kona kwa kona. Na kuna orodha ya vituo: anza hapa, pitia pale, malizia kule. Ukimpa mtu vituo, simu yake inatafuta yenyewe njia ya kuviunganisha, kwa akili yake na mipangilio yake. Kama vituo vyako vilikuwa Tukuyu na Matema, yake ilisema "kumbe Matema, twende kwa lami". Ukimpa mstari, hakuna cha kukisia.

Kwa hiyo wakati wa kutoa faili chagua mstari. Kurviger inakuuliza unataka ipi. Ukilazimika kutumia vituo, weka kituo katikati ya kila kipande unachokitaka, siyo mwanzoni wala mwishoni. Kwa Chimala hadi Makete, bila kituo pale Matamba kuna programu itakurudisha Makambako na Njombe, kwa sababu kule ni lami na kwa hesabu za saa inashinda.

La uani: kituo chako hakikukaa juu ya barabara, kilidondoka pembeni, labda mita kumi tu. Programu tiifu inakuambia uende ukikanyage kisha urudi. Kuza ramani mpaka mwisho kabla ya kuweka kidole, na usiweke kituo sokoni wala penye makutano. Weka sehemu ya wazi isiyo na njia ya pembeni.

---

KijiweniUyole

Sawa, nimesoma yote. Huyu binti wa Makete swali lake la Noah nimelikubali.

Kwa wanaoteremka Hamsini na Saba: gia ndogo tangu kona ya juu, breki iguse tu. Na mpige honi kabla ya kona, Fuso za viazi zinachukua barabara yote. Hilo halimo kwenye simu.

---

MnyaluMjini

Pikipiki kukatiza Kitulo inaruhusiwa? Nimesikia hifadhini marufuku.

---

dada_wa_Makete

Kitulo ni Hifadhi ya Taifa tangu 2005, na barabara ya wananchi inapita uwandani. Kuipita kwenda kwenu ni jambo moja, kuacha barabara na kuingia kwenye njia za watalii ni jingine, hiyo ina taratibu zake na viingilio. Ukiwa Matamba ulizia ofisi ya hifadhi, watakupa maelezo ya wakati huo. Programu zinachora njia za ndani ya hifadhi kwa rangi ile ile ya njia za kawaida, zikipata upenyo zitakupitisha humo. Kwa hiyo kwenye kuchora, shika barabara ya kijiji hadi kijiji, usikatize.

Na ukisimama kupiga picha usikanyage maua, kuna aina 45 za orkidi mle. Wengine wanadhani ni majani ya ng'ombe.

---

Simu_ya_Tofaa

Wa iPhone tumesahaulika. Scenic ni ya waendesha pikipiki, inapokea GPX na inaongoza kwa sauti. OsmAnd na Organic Maps nazo zipo kwetu.

---

Lami_Tupu

@MtuWaKona umeanza kunishawishi bwana. Tuwekee basi faili la huo mzunguko wa Isyonje–Kitulo–Matamba–Chimala, nitaazima pikipiki ya vumbi.

---

MtuWaKona

Naupandisha jioni. Nilirekodi kuanzia getini kwangu mpaka getini kwangu, kwa hiyo lazima nikate kwanza kipande cha mwanzo na cha mwisho, na nifute saa. Na nyie mkiweka zenu humu fanyeni hivyo, faili la GPX linaonyesha unapolala na muda unaotoka nyumbani, na uzi huu unasomwa na kila mtu.

Litakuwa mstari, siyo vituo. Lifungueni kwa OsmAnd, mkiwasha uongozaji mzime ile ya kutafuta njia upya kila mkikosea kona, la sivyo mtapelekwa lami. Linaanzia kituo cha mafuta Uyole na kuishia njiapanda ya Chimala. Nimeweka alama mahali pa kunywa chai Kikondo na kona tatu ambazo changarawe imejaa upande wa ndani.

---

MnyaluMjini

Nasubiri faili. Jumamosi Noah zinapita?

---

dada_wa_Makete

Leo zimepita. Ijumaa jioni nitawaambia tena.